Mtazamo wa Ukuaji Darasani: Jibu Likikosewa, Nini Kinafuata?

Mwalimu wa darasa la tano ameandika ubaoni 1/2 + 1/3. Mikono imenyooshwa, mingi madawati ya mbele, michache huko nyuma. Anachaguliwa mtoto wa dawati la tatu. Anasimama, anajibu: "Mbili ya tano." Katika madarasa mengi tunayoyajua, yanayofuata hayamalizi nusu dakika. "Siyo. Mwingine!" Mtoto anakaa, kipanga wa darasa anainuka, jibu la tano ya sita linatoka, wenzake wanaambiwa wampigie makofi matatu, somo linasonga mbele. Hakuna aliyetukanwa wala kuchapwa. Lakini darasa zima limefundishwa jambo ambalo halimo kwenye andalio la somo: humu ndani wapo wanaojua na wapo wasiojua, na kazi ya mwalimu ni kuwatafuta wanaojua.

Siku hizi semina za walimu haziishi bila mtu kutaja "mtazamo wa ukuaji". Umeandikwa kwenye kuta za shule, umeingia kwenye hotuba za mahafali, na wengi wanauelewa kama namna mpya ya kumwambia mtoto ajitahidi. Sivyo. Ukitaka kujua kama darasa lina mtazamo huo, usisome mabango ukutani. Angalia jibu lililokosewa linapelekwa wapi.

Wazo lenyewe linatokana na Carol Dweck, mwanasaikolojia Mmarekani aliye Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye tangu miaka ya 1970 amekuwa akichunguza swali linalomsumbua kila mwalimu: kwa nini watoto wawili wenye uwezo unaokaribiana wakikutana na swali gumu mmoja huvunjika moyo na mwingine huchangamka? Jibu lake ni kwamba watoto hao hawaiamini akili kwa namna moja. Mwenye mtazamo mgando anaiona akili kama kimo cha mtu mzima: umepewa ulichopewa, na kila mtihani ni siku ya kupimwa mbele za watu. Mwenye mtazamo wa ukuaji anaamini uwezo wake unaongezeka kwa mazoezi, kwa mbinu nzuri na kwa msaada, kwa hiyo swali gumu kwake ni kazi, si hukumu. Dweck hasemi kwamba watoto wote wanalingana, wala kwamba yeyote anaweza kuwa chochote. Anasema tu kwamba mahali mtoto alipo leo hapatuambii atafika wapi.

Sisi wenyewe tunazo imani zote mbili, na wala hatuoni zikigongana. Mzee yule yule anayesema akili ni nywele, kila mtu ana zake, kesho atakuambia mwanzo kokochi, mwisho nazi.

Kwamba ubongo hubadilika kwa kujifunza si maneno ya kufariji tu. Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Eleanor Maguire walipima ubongo wa madereva teksi wa London, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni, wakakuta kwamba sehemu ya nyuma ya ile hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu za mahali, ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Bado mtu angeweza kusema labda walizaliwa hivyo. Basi mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa kazi hiyo tangu walipoanza mafunzo hadi walipofanya mtihani, na mabadiliko yalionekana kwa waliofaulu.

Sifa inayodhuru

Utafiti uliolitangaza wazo hili zaidi ulichapishwa mwaka 1998 na Claudia Mueller pamoja na Dweck, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia. Watoto wa darasa la tano walipewa mafumbo ya maumbo ambayo walimudu bila shida. Kisha kila mtoto akaambiwa amefanya vizuri, ila wengine waliongezewa "lazima una akili sana" na wengine "lazima umejibidiisha sana". Tofauti ni sentensi moja tu. Baadaye wote walipewa mafumbo magumu waliyoshindwa, na mwisho wakapewa mengine mepesi kama yale ya kwanza.

Waliosifiwa akili walishuka, wakafanya vibaya kuliko walivyoanza. Waliosifiwa bidii walipanda. Walipoulizwa wangependa kazi ya namna gani, waliosifiwa akili wengi walitaka ile itakayowaonyesha kuwa ni hodari, na waliosifiwa bidii karibu wote walitaka ile watakayojifunza kitu, hata kama watakosea. Halafu kuna kipengele ambacho mimi nakiona kizito kuliko vyote. Watoto waliambiwa waandike alama zao kwenye karatasi itakayosomwa na mtoto wa shule nyingine, mtu wasiyemjua na hawatakutana naye. Kati ya waliosifiwa akili, karibu wanne kwa kila kumi walijiongezea alama. Kwa waliosifiwa bidii ni mmoja na kidogo kwa kila kumi. Watoto hao hawakuwa waongo walipoingia chumbani. Waliambiwa kwamba alama ndizo zinazoonyesha wao ni nani, basi alama ziliposhuka walizificha.

Mwalimu anayelalamika kwamba wanafunzi wake wanadesa kila mtihani anaweza kuanza kuchunguza hapo.

Kutokana na utafiti huo likazuka fundisho fupi mno: sifia juhudi. Nalo, kama mafundisho mafupi mengine, likaharibika njiani. Mwaka 2015 Dweck mwenyewe aliandika kulalamika kwamba walimu wengi wamelichukua wazo lake kama ruhusa ya kuwamwagia watoto sifa za juhudi hata pale ambapo hawakujifunza kitu. Mtoto amepata mbili ya kumi, daftari limerudi limeandikwa "Umejitahidi, ongeza bidii". Ongeza bidii ya nini? Amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, katika maswali yote manane aliyokosa. Akiongeza bidii kwa njia hiyo hiyo atakosa maswali ishirini. Tena watoto si wajinga: anayesifiwa juhudi kwa kazi mbovu huelewa vizuri kwamba mwalimu amemkatia tamaa na anamwonea huruma.

Sifa yenye faida hutaja kitu kilichofanyika. "Safari hii umetafuta kigawe kidogo cha shirika kabla hujajumlisha, ndiyo maana limetoka." Mtoto akiisikia hiyo anajua kesho arudie nini. Ni sentensi ndefu kuliko "vizuri sana", na inamlazimu mwalimu awe ameitazama kazi kwa makini, jambo ambalo darasa la watoto tisini haliliruhusu kila siku. Nitarudi kwenye hao tisini.

Je, inafanya kazi kweli?

Hapa waandishi wengi hupita haraka, na ndipo panapostahili kukaa. Mwaka 2018 Victoria Sisk na wenzake walikusanya tafiti zilizohusu wanafunzi zaidi ya 365,000 na kukuta kwamba uhusiano kati ya mtazamo na ufaulu, kwa ujumla, ni dhaifu. Programu za kubadili mtazamo nazo zilileta faida ndogo, ingawa kulikuwa na dalili kwamba watoto wa familia maskini na walio hatarini kufeli hunufaika zaidi. Uingereza, mwaka 2019, ilitolewa tathmini ya programu iliyopelekwa kwenye shule 101 za msingi: watoto waliofundishwa mtazamo wa ukuaji hawakuwazidi wenzao kwa lolote kimasomo. Wapinzani wakasema, mnaona, ni hewa tupu.

Mwaka huo huo David Yeager na wenzake, Dweck akiwamo, wakachapisha katika jarida la Nature jaribio la kitaifa la Marekani: wanafunzi wapatao 12,000 wa mwaka wa kwanza wa sekondari, shule 65, somo la kompyuta lisilofika saa moja kuhusu ubongo unaojengeka kwa kujifunza. Waliokuwa nyuma kimasomo walipanda kwa wastani wa pointi 0.1 kwenye mizani yenye kilele cha pointi nne na kidogo. Ni kidogo hiyo, hakuna haja ya kuipamba. Lakini ni faida iliyopatikana kwa muda usiozidi vipindi viwili, karibu bila gharama.

Kilicho muhimu zaidi kilifuata mwaka 2022, watafiti walipochambua data zile zile wakiwatazama walimu wa hisabati. Pale ambapo mwalimu mwenyewe aliamini kwamba wanafunzi wake wanaweza kukua, somo lile la kompyuta liliinua alama za hisabati. Pale ambapo mwalimu aliamini kwamba hisabati ni ya wenye kichwa chake, halikufanya kitu. Mtoto alitoka kwenye kompyuta akiamini anaweza kujifunza, akaingia darasani akakuta hakuna mahali pa kuitumia imani hiyo: swali likikosewa linapita, mtihani ukifeliwa umefeliwa, akiuliza anachekwa. Pengine alirudi kuwa alivyokuwa, na alikuwa na haki, kwa sababu mazingira yalimwambia ukweli wa mahali pale.

Matokeo hayo yanatuondolea mkanganyiko mwingi. Hatuna sababu ya kutumia nguvu nyingi kumhubiria mtoto kuhusu ubongo wake. Kazi kubwa ni ya kulipanga darasa ili mtoto anayejaribu mara ya pili apate faida anayoiona kwa macho.

Kosa lipelekwe wapi

Mwaka 1979 James Stigler, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu kutoka Marekani, alikaa nyuma ya darasa la nne nchini Japani likifundishwa kuchora mchemraba kwenye karatasi. Mwalimu alimwita ubaoni mtoto aliyekuwa akishindwa kuchora. Mtoto akachora, mwalimu akauliza darasa kama ni sawa, darasa likasema hapana. Akachora tena. Na tena. Stigler amesimulia kwamba yeye, mgeni, ndiye aliyekuwa akitoka jasho kwa kumwonea mtoto huruma. Mtoto mwenyewe alikuwa mtulivu, aliendelea mpaka kikatoka, wenzake wakapiga makofi, akarudi kukaa akiwa na fahari.

Ukimfanyia hivyo kesho mtoto wa shule yetu ya kata, yawezekana ukawa umemuumiza. Kwetu kusimamishwa ubaoni ukiwa hujui mara nyingi ni adhabu, na darasa zima linajua hivyo. Ubao na chaki ni vile vile, ila watoto wa Japani walikuwa wamezoeshwa kwa miaka kwamba ubaoni ndipo mahali pa kuhangaika na kazi. Mazoea hayo hayajengwi kwa tangazo. Yanajengwa na mwalimu anapofanya jambo lile lile kila siku hadi watoto waache kuliogopa.

Basi turudi kwa yule wa mbili ya tano. Neno la kwanza la mwalimu liwe "Umepataje?" Na aliseme pia kwa waliopata, la sivyo litageuka kuwa jina jingine la "umekosa". Mtoto ataeleza: "Nimejumlisha vya juu, nikajumlisha vya chini." Njia yake ina mantiki, ndivyo alivyozoea kujumlisha tangu darasa la kwanza, na ukiuliza vizuri utakuta theluthi ya darasa wamefanya vivyo hivyo ila hawakunyoosha mkono. Mwalimu aandike 2/5 ubaoni bila kuipiga alama ya X, kisha aulize darasa lote: una nusu ya chapati, ukaongezewa kipande kingine, sasa unacho zaidi ya nusu au pungufu ya nusu? Zaidi, watasema. Haya, mbili ya tano ni zaidi ya nusu au pungufu? Hapo watoto watachora, watabishana, na mmoja atagundua kwamba ukiongeza ukapata pungufu kuna jambo haliendi. Sasa hata yule kipanga aliyekariri kanuni ya kigawe kidogo cha shirika anaelewa kanuni ile ni ya kazi gani. Kosa la mtoto mmoja limelisaidia darasa zima, na mwenye kosa ndiye aliyelileta mezani.

Inachukua dakika nane badala ya nusu dakika. Mwalimu mwenye mada kumi na nne kwenye azimio la kazi atauliza dakika hizo atazitoa wapi. Ni swali la haki. Sitamwambia kwamba muda upo, maana haupo. Nitamwambia afanye hivyo kwa kosa moja kwa kipindi, lile linalowanasa wengi, na mengine ayapite.

Kimya nacho kina nafasi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti Mmarekani, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Waliporefusha hadi sekunde tatu, majibu yakawa marefu na wanaojibu wakaongezeka. Sekunde moja inamtosha aliyekuwa na jibu tayari. Anayefikiri bado anafikiri.

Kwa darasa kubwa, kunyoosha mikono ni njia mbaya ya kujua watoto wameelewa nini, kwa sababu inakuonyesha wale wale kumi kila siku. Waambie wote waandike jibu nyuma ya daftari, kisha tembea katikati ya madawati kwa dakika mbili. Hutasoma yote tisini, lakini utaona majibu mawili matatu yanayojirudia. Wape nafasi ya kuulizana na jirani kabla ya yeyote kusimama. Mtoto aliyekwisha kulisema jibu lake kwa sauti ya chini haogopi sana kulisema kwa sauti ya juu, na likiwa limekosewa, wamekosea wawili.

Hilo la jirani lina uzito wa pekee sekondari za Tanzania, ambako mtoto huhamia kwenye Kiingereza baada ya miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili. Aliyekuwa akieleza usanisinuru vizuri kabisa anaingia kidato cha kwanza na kuwa bubu. Mwalimu anamwona hana akili, yeye mwenyewe baada ya muda anakubali, wakati alichopungukiwa ni maneno. Kuwaruhusu wajadiliane kwa Kiswahili kwanza, halafu watafute pamoja namna ya kulisema jambo kwa Kiingereza, kunatenganisha mambo mawili ambayo ukimya umeyachanganya: kutojua jambo na kutojua namna ya kulisema.

Viboko je? Kenya ilivipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kukosa hesabu si kosa la nidhamu. Mtoto anayechapwa kiboko kimoja kwa kila swali alilokosa atafanya hesabu rahisi ya kujihami: atanakili kwa mwenzake. Huwezi kumlaumu, na huwezi kulizungumzia darasa hilo kwa lugha ya mtazamo wa ukuaji hata kama limejaa mabango.

Kalamu nyekundu na ubao wa matangazo

Chukua daftari lolote la shule ya msingi ufungue ukurasa wa mazoezi. Kuna vema, kuna X, kuna 4/10 iliyozungushiwa duara, na chini yake neno "Masahihisho" limepigiwa mstari kwa rula. Chini ya mstari huo mara nyingi kuna majibu sahihi yaliyonakiliwa kutoka ubaoni, kwa mwandiko mzuri, bila alama yoyote ya kufikiri. Masahihisho ni nafasi bora kuliko zote tulizonazo, imekaa kwenye madaftari yetu miaka nenda rudi, nasi tumeifanya zoezi la mwandiko. Yangebadilika kabisa kama mtoto angetakiwa aandike mstari mmoja tu kwa kila swali alilokosa, "nilifanya hivi, nilipaswa kufanya hivi", kisha afanye swali jingine linalofanana ambalo jibu lake halipo ubaoni.

Na alama ya pili ihesabiwe. Hili ndilo walimu wengi hulikataa, wakiona ni kuwabeba wavivu. Lakini ukiwaambia watoto kwamba kujifunza kutokana na makosa ni muhimu, kisha kitabu cha alama kinaihifadhi ile 4/10 ya Jumatatu milele hata kama Ijumaa anaweza yote, wataamini kitabu. Mwanafunzi aliyekosa apewe maswali mengine ya mada hiyo ndani ya wiki, na alama mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Mtihani wa taifa hauna marudio ya namna hiyo, ni kweli, ila mtihani wa taifa unakuja mwishoni, na majaribio ya kila wiki kazi yake ni kumwandaa.

Kisha kuna ubao wa matangazo. Matokeo ya muhula yamebandikwa, majina yamepangwa kutoka wa kwanza hadi wa 112, na nyumbani swali la kwanza ni "Umekuwa wa ngapi?" Namba hiyo haimwambii mtoto anajua nini. Anaweza kuwa amejifunza mengi muhula huu na bado akashuka, kwa sababu wenzake nao wamejifunza. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 bila zile orodha za shule kumi bora na watahiniwa kumi bora tulizozizoea, na kelele zikawa nyingi: ushindani utakufa, watoto watabweteka.

Kuhusu ushindani huo tunao ushahidi wa hapa hapa. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kutangaza nafasi ya kila shule ya msingi kitaifa na kiwilaya. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza yaliyotokea, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2021. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipandisha kiwango cha ufaulu, kweli, ila sehemu ya siri ya ufaulu huo ilikuwa kwamba watoto waliofika kwenye mtihani wa darasa la saba walipungua. Wale waliotarajiwa kufeli waliondolewa njiani. Shule iliyohukumiwa kwa nafasi yake ilifanya kama wale watoto wa mwaka 1998: ilirekebisha takwimu.

Kenya imejaribu njia nyingine. Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na katika mtaala wa umilisi mtoto huelezwa kama amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake. Naipenda lugha hiyo kuliko namba ya nafasi, ila ripoti inayosema "anakaribia matarajio" bila kutaja kilichobaki ni kipi ni 4/10 iliyovaa suti. Mzazi atauliza anakaribia wapi, na mwalimu awe na jibu.

Kuhusu mikondo sina mengi. Shule inayowakusanya vipanga mkondo A na kuwapa mwalimu bora, na vilaza mkondo D wakapewa anayepatikana, imeshatoa mafunzo yake ya mtazamo, na semina haitayafuta.

Ambako mtazamo haufiki

Ipo hatari ya kulitumia wazo hili kuwalaumu watoto. Mtoto aliyetembea kilomita saba bila kula, kwenye darasa lenye kitabu kimoja kwa watoto wanane, hafeli kwa sababu ya mtazamo. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Tanzania mwaka 2016 madarasa ya awali yalifurika, na mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia moja hawezi kuambiwa kwamba akiamini vya kutosha watafaulu. Uji wa saa nne, vitabu na walimu vina nafasi yao, na hakuna imani inayovijaza. Kiongozi wa elimu anayesisitiza mtazamo wa ukuaji huku akinyamaza kuhusu hayo anakwepa bajeti.

Vile vile hatuwezi kumdai mwalimu awape watoto kitu ambacho yeye hapewi. Mwalimu anayesimamishwa kwenye kikao cha wadau aeleze kwa nini somo lake limetoa F nyingi, mbele ya wazazi na wanafunzi wake wa zamani, anajifunza kuficha kama mtoto anavyojifunza. Kwenye sehemu ya tathmini ya andalio ataandika "Somo limeeleweka", hata kama nusu ya darasa walikuwa wakimtazama tu. Mthibiti ubora akipita atakuta kila kitu kiko sawa.

Mahali pa kuanzia papo, tena ndani ya shule. Vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, vimepangiwa muda na mada, na mara nyingi vinaishia kusoma moduli kwa sauti. Badala yake mwalimu mmoja alete madaftari matano yenye kosa la aina moja. Tuseme watoto watano wameandika 52 − 27 = 35. Wenzake wasiulize wanafunzi hao ni wa nani wala amewafundishaje. Wakae watafute mtoto aliwaza nini hadi akapata 35: alitoa mbili kwenye tano akapata tatu, kisha akatoa mbili kwenye saba badala ya saba kwenye mbili, kwa sababu alishaambiwa kwamba kikubwa hakitoki kwenye kidogo. Wakubaliane swali moja la kumuuliza kesho, na mwenye madaftari arudi wiki ijayo na majibu. Kosa moja kwa kikao linatosha. Kikao kijacho zamu ni ya mwalimu wa Kiswahili, na insha zake.